Mheshimiwa Waziri, mtoto wa miaka 12 amemwita mwenzake Hizbu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum, Mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimesomesha skuli za Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka 30, na sasa nimerudi kwetu, si mbali na Wete, nashughulika na mihogo, mikarafuu michache niliyoachiwa na baba, na wajukuu. Sijapata kuandika barua ya wazi. Yangu yote ya kazi niliyapeleka kwa mwalimu mkuu, na yaliyokwama kwake nikayaacha hapo hapo. Hili limenikaa kooni, na nimeona nikuandikie mbele za watu kwa sababu ni la watu.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani baada ya sala ya alasiri. Maji yalikuwa hayatoki siku mbili, yakatoka, na watoto wakakimbilia mferejini na ndoo zao. Mjukuu wangu, ana miaka 12, akagombania nafasi na mtoto wa jirani wa umri wake. Wakasukumana, ndoo ikamwagika. Yule wa jirani akasema: "Nendeni kwenu bara, nyie ndio mliowatia watu bakora." Mjukuu wangu akamjibu papo hapo: "Na nyie Mahizbu!"

Mheshimiwa, Hizbu, chama cha siasa cha ZNP, ilipigwa marufuku Januari 1964. Bakora anazozisema yule mtoto zilipigwa baba yake hajazaliwa. Nilimwita mjukuu wangu nikamuuliza Hizbu ni nini. Akainamisha kichwa. "Ni watu." Watu gani? "Wabaya." Nani kakwambia? "Wanasema tu, babu." Nikaenda kwa jirani, naye akamwita mwanawe, tukamuuliza bakora zipi hizo. Hajui. Alimsikia bibi yake akilalamika wakati wa kuchambua karafuu. Tukawapatanisha, wakapeana mikono, wakaenda kucheza mpira. Mimi na jirani tukabaki barazani hatuna la kusema, maana sote wawili tunajua walikoyatoa.

Nimesomesha biashara ya utumwa, Vita vya Maji Maji, mkutano wa Berlin na vita vikuu viwili vya dunia. Historia iliyowagombanisha watoto wale mferejini sikuisomesha, na si kwamba siijui. Naijua kwa sababu imo ndani ya damu yangu pande zote mbili.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Dole, Unguja. Baba yake alitoka Unyamwezini kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya karafuu, akabaki. Babu alikuwa na kibanda na kipande cha kulima ndani ya shamba la mtu. Ardhi ya mwenye shamba, mihogo ya babu. Watu wengi sana Unguja waliishi hivyo: unapalilia mikarafuu ya mwenyewe, naye anakuacha ulime chakula chako chini yake. Zikaja Zama za Siasa, miaka ya vyama na chaguzi kabla ya Mapinduzi. Uchaguzi wa kwanza, 1957, Hizbu haikupata hata kiti kimoja, na baada yake wenye mashamba wakaanza kuwatoa watu waliokuwa upande wa Afro-Shirazi, chama kilichopingana na Hizbu. Babu aliamka alfajiri moja akakuta mihogo yake yote imeng'olewa, haijafika kuvunwa. Kila alipoihadithia siku ile, alichokishikilia zaidi ni kuwa mihogo haikutupwa. Ilikuwa imelazwa chini mistari mistari, mizizi upande mmoja, majani upande mmoja. "Mtu alikaa akaipanga," alikuwa akisema. Miaka 30 baadaye bado akiionesha kwa mikono jinsi ilivyolazwa.

Babu mzaa baba alikuwa Mpemba, mwenye mikarafuu yake mwenyewe, kama 40 hivi. Msimu ukifika walivuka watu kutoka Unguja kuja kuchuma, na ndivyo baba alivyomuona mama, wakaoana 1963. Babu huyu aliipigia kura ZPPP, chama cha Sheikh Mohammed Shamte, kwa sababu Shamte alikuwa mtu wa Pemba. Hakuwa na jengine. Baada ya Mapinduzi aliitwa mbele ya watu akatiwa bakora. Kosa aliloambiwa ni kuchelewa kazi ya kujitolea. Yeye hakunihadithia kabisa. Nilichokijua utotoni ni kuwa babu havui fulana. Jua la Januari, wanaume wote vifua wazi wanaanua karafuu kwenye majamvi kabla mvua haijawahi, yeye na fulana yake ya mikono, imerowa jasho imeganda mwilini. Alipofariki, 1987, nilikuwa miongoni mwa tuliomuosha. Ndipo nilipouona mgongo wake.

Wazee hawa wawili walikuwa na mjukuu mmoja, na walikaa miaka mingi hawazungumzi. Kwa babu wa Dole, Mapinduzi ni siku aliyopewa eka tatu na hakuna tena wa kuing'oa mihogo yake. Kwa babu wa Pemba, Mapinduzi ni bakora, na baadaye foleni za mchele mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wanakula mihogo na ndizi kavu huku karafuu zao zikipakiwa melini. Wote wawili walisema kweli. Mimi nilikulia katikati, kila likizo nikisikia nusu moja, na hapakuwa na mtu hata mmoja, si nyumbani wala skuli, aliyeniwekea nusu mbili pamoja.

Na si jambo gumu kulieleza. Mwanafunzi wa kidato cha pili analielewa. Dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka Pemba. Unguja ilikuwa na mashamba makubwa ya wenyewe wachache na watu wengi wasio na ardhi. Pemba mashamba yalikuwa madogo madogo, yameenea kwa watu wengi, na Waarabu na wenyeji walikuwa wameoana na kuishi nyumba kwa nyumba. Uchungu wa Unguja ulikuwa haupo Pemba kwa kiasi kile, kwa hiyo na kura za Pemba zikaenda njia yake. Juni 1961 uchaguzi ulimwaga damu Unguja, watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu. Julai 1963 Afro-Shirazi ikapata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, na Hizbu na ZPPP wakaunda serikali. Mtu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji wa Unguja, akaona kaporwa. Mtu wa Pemba akaona kashinda kwa haki. Uhuru ulikuja 10 Disemba 1963, na 12 Januari 1964 Serikali ile ikaangushwa. Mapinduzi yalifanyika Unguja. Pemba yaliletwa.

Yakaletwa na watu ambao wengi wao hawakuijua Pemba, wakaja kwa kisiwa ambacho machoni mwao kizima kilikuwa Hizbu. Hapo ndipo ulipoanza ule mgongo wa babu.

Karafuu nazo zikaongeza. Bei ilipopanda duniani, mkulima wa huku hakuwa na pa kuuza ila serikalini, kwa bei aliyopangiwa, na aliyekamatwa akivusha gunia kwenda Mombasa alijua kitakachomfika. Tukiwa watoto tulikaa usiku kwa taa ya mafuta ya taa, tunachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vinakuwa vyeusi na kunata, na bibi akisema: "Chambueni, wanangu, zinakwenda kujenga Michenzani." Nilipovuka kwenda Unguja kusoma niliyaona yale majumba marefu, na niliyachukia kabla sijaingia hata moja. Baadaye nikapata rafiki anayekaa ghorofa ya tano. Mama yake alikuwa akibeba ndoo za maji ngazi hadi ngazi kama mama yangu alivyobeba kutoka kisimani. Nilikuwa na miaka 17 na sikupata tena pa kuiweka ile chuki yangu, lakini sikumwambia mtu.

Mheshimiwa, sasa nakuja kwenye jambo langu mwenyewe, na ni zito kwangu kuliko yote niliyoyataja.

Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha CUF, na CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba. Kijijini kwetu watu wakagawana kila kitu. Duka la hawa na duka la wale. Gari ya abiria ya hawa, na ya wale ikipita tupu. Mkeka wa kuchezea bao ukakatwa mara mbili. Hata msikitini watu wakachagua pa kusimama. Wazee walisema Zama za Siasa zimerudi, maana wakati ule pia watu hawakuzikana.

Mwaka uliofuata alifariki mzee aliyenisomesha Kurani. Alikuwa CCM, na kabla ya hapo Afro-Shirazi, kadi yake ya zamani akiitunza ndani ya msahafu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jeneza lilipita mbele ya nyumba yetu. Nilisimama nyuma ya dirisha, pazia mkononi, na nikawahesabu waliolifuata. Walikuwa 11, na wawili kati yao ni watoto. Kijiji kina nyumba zaidi ya mia. Yasini ninayoisomea maiti hadi leo nilifundishwa na mdomo wa yule mzee, herufi kwa herufi, na sikutoka. Marehemu baba alinitazama tu, hakusema neno. Lakini nilikuwa na miaka 31, nina mke, nina mtoto, na miguu ilikuwa yangu.

Nimekwenda kaburini kwake mara nyingi tangu hapo. Namuombea dua. Maziko ni siku moja, ikishapita imepita. Mwanawe tunasalimiana na hatujawahi kulitaja.

Nakuhadithia haya ili usidhani naandika kama Mpemba anayedai haki kwa Waunguja, wala kama mtoto wa mwana wa Afro-Shirazi anayewasuta Wapemba. Nimedhulumiwa kwa babu zangu wawili na nimedhulumu mimi mwenyewe.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 unazijua, siku za umwagaji damu wa maandamano ya CUF. Tume iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliokufa, raia na askari polisi. Zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa madau hadi Shimoni, Kenya. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mmoja wao, kijana wa kidato cha nne. Alirudi baada ya miezi na skuli hakurudi tena. Ni mvuvi sasa. Kila Januari anakuwa mkali kwa watoto wake siku mbili tatu, na wale watoto hawaelewi wamekosa nini.

Tumepata muafaka wa CCM na CUF wa 1999, ukavunjika. Tukapata wa Oktoba 2001. Tukapata maridhiano ya Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokutana, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nilikuwa kwenye foleni siku ile. Nililia, na sikuona haya. Harusi za mwaka ule zilikuwa na watu! Mabibi waliokuwa hawajaingia nyumba ya mwenzao miaka 15 walikaa jikoni pamoja wanakuna nazi. Kisha uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na kijijini kwetu lile duka likagawika tena ndani ya wiki moja. Wiki moja, Mheshimiwa. Miaka mitano ya kukaa pamoja ikafutika kama chaki.

Nimelifikiria sana jambo hili, nikaona sababu yake. Mara zote hizo viongozi ndio waliopatana, na sisi tukatangaziwa kuwa tumepatana. Hakuna aliyekuja kijijini akakaa chini na bibi wa jirani yangu, akamuuliza: mama, wewe ulifanywa nini? Na hakuna aliyekwenda Dole, wala Mwera, wala Makunduchi, akamuuliza mzee wa kule: nawe ulifanywa nini? Mkono wa kiongozi ukishikana na wa mwenzake ni jambo jema na lina thawabu. Lakini yule bibi anaendelea kuchambua karafuu usiku na mjukuu wake pembeni, na anachohadithia ni kile kile.

Kule Unguja nako nimekusikia. Nimekaa vyumba vya walimu ambamo "Mpemba" ni neno la kunong'onezana. Wapemba wanabebana, Wapemba wamelinunua soko la Darajani lote, mpe Mpemba kazi kesho utamkuta ndugu yake. Nami nimekaa mabaraza ya huku nikasikia Waunguja wavivu, wanakula jasho letu. Watu wanaosema haya husali safu moja na hupanda boti moja ya Mkoani.

Mwaka 1999, muafaka wa kwanza ulipotiwa saini, nilikuwa nasomesha skuli moja ya Mjini Unguja. Nilipata moyo. Nikawaambia wanafunzi wa kidato cha tatu: nendeni mkawaulize babu na bibi zenu, Zama za Siasa zilikuwaje nyumbani kwenu, muandike kurasa mbili. Walirudi na madaftari 34. Sijawahi kusahihisha kazi kama ile. Msichana mmoja aliandika kuwa bibi yake, Juni 1961, alimficha mtoto wa Kimanga, yaani wa Kiarabu, chini ya makuti jikoni siku mbili, akimpa uji kwa kijiko, huku mume wake yumo miongoni mwa waliokuwa wakiwatafuta. Mvulana mmoja, mwana wa Pemba, aliandika kuhusu baba mkubwa wake aliyekwenda bara 1972 akitafuta chakula na hakuonekana tena. Mwengine aliandika mistari minne tu: "Babu amesema alifanya mambo ambayo hataniambia. Amesema nimuombee. Alikuwa akilia. Maalim, naomba usinisomee darasani."

Sikuyasoma darasani. Siku ya nne alikuja mkubwa mmoja skuli, akaniita pembeni ya mwembe, akaniuliza kwa upole nani kanituma. Hakunitisha. Aliniambia: "Maalim, usifukue makaburi. Una watoto." Nikayachukua madaftari nikaenda nayo nyumbani. Wiki iliyofuata tukaendelea na Vita Kuu ya Kwanza. Yule msichana aliniuliza, mkono juu, "Maalim, yale yetu je?" Nikamwambia tutarudi. Hatukurudi. Januari mwaka wa pili yake ikaja 2001, na mpaka leo najiuliza vijana wale 34 walikuwa wapi siku ile, na upande gani.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimelisikia kwenye mikutano yote, ya vyama vyote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali njema, na walioitunga hawakukosea. Lakini Mheshimiwa, mgonjwa akiletwa kwa mganga, la kwanza anaulizwa: umeanza lini? Haya yetu hayajapita. Yangekuwa yamepita, mtoto aliyezaliwa nusu karne baada ya Mapinduzi asingeyajua majina yake. Yanapita kwa mlango wa jikoni kwa sababu mlango wa skuli umefungwa. Na yakipita jikoni yanapita nusu. Mtoto wa Pemba anapata bakora, hapati mihogo ya Dole. Mtoto wa Dole anapata mihogo, hapati mgongo wa babu yangu. Kila mmoja anakua akijua kuwa yeye ndiye aliyeonewa, na anaingia kwenye kituo cha kura akiwa hivyo.

Rais Benjamin Mkapa, ambaye mauaji ya 2001 yalitokea katika uongozi wake, kabla hajafariki alikiri hadharani kuwa yale ni doa kwake. Rais amelisema. Mwalimu wa kidato cha pili hawezi kulisema mbele ya watoto 45 bila ya kutazama mlangoni.

Na kuna mengine ambayo watoto wangepaswa kuyajua nao hawayajui. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama njiani kuja Pemba, imejaa watu kupita kiasi, wengi wao wa kwetu. Wavuvi wa Nungwi ndio walioingia baharini gizani na ngalawa zao na boti zao. Walitoa watu hai, walitoa maiti. Zaidi ya watu 600 waliokolewa siku ile na vyombo vilivyofika. Mwanamke wa kijiji chetu, aliyekaa juu ya godoro baharini tangu usiku, alinihadithia kuwa mvuvi aliyemvuta alivua shati lake akamfunika, akamwambia, "Mama, usitazame nyuma." Hakumuuliza ametoka wapi. Maiti wasiotambuliwa walizikwa mahali paitwapo Kama, Unguja, na watu wa Unguja walichimba makaburi na kusimama kuwasalia watu wasiowajua. Mimi niliyeshindwa kutoka nyumbani kumzika mwalimu wangu nililisikia hilo redioni nikakaa chini sakafuni.

Sasa ninachoomba.

Naomba historia ya Zanzibar ya kuanzia 1957 isomeshwe yote, mpaka siku hizi, na mwalimu awe na barua ya Wizara mkononi inayomlinda. Sitaki kitabu kinachomtukuza huyu na kumlaani yule, vitabu hivyo vinaandikwa kila upande na vinatosha. Nataka watoto watumwe kwa wazee wao kama nilivyowatuma mimi, huku na kule, kisha madaftari ya skuli ya Pemba yavuke yakasomwe na skuli ya Unguja, na ya Unguja yaje huku. Majina yafichwe, mzee asiyetaka kusema asilazimishwe, na anayetaka kusema jambo la kujitia hatiani asikilizwe na mtu mzima mwenye hekima kabla ya mtoto. Haya yanahitaji matayarisho na walimu waliofunzwa, sisemi yafanywe kesho. Nyaraka za Taifa ziko pale Kilimani, watoto wapelekwe wakaone kwa macho yao karatasi za chaguzi zile na magazeti ya wakati ule, jinsi tulivyokuwa tukitukanana kwa maandishi.

Ila pawe na haraka kidogo. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa wana zaidi ya 80. Kijijini kwetu wamebaki watatu. Mmoja hasikii. Bibi wa jirani, yule wa bakora, bado ana akili zake zote na alinambia juzi kuwa yuko tayari kusema, lakini kwa mtu atakayeandika, si kwa mtu atakayemjibu.

Madaftari yale 34 ninayo. Yamo ndani ya kasha la marehemu baba, nimeyafunga kwa kitambaa. Mchwa wameyala pembeni lakini maandishi yanasomeka. Wenyewe sasa ni watu wa miaka 40, wengine wana watoto wa umri wa mjukuu wangu, na wachache ninajua walipo. Nimeanza kuwatafuta kuwaomba ruhusa. Yule msichana wa makuti amenijibu. Ni mwalimu, Unguja, anasomesha darasa la sita, na ameniuliza swali lile lile: "Maalim, yale yetu je?"

Boti ya Mkoani inafika Malindi mchana. Nitayabeba mwenyewe siku utakayonipangia, na yule mwalimu amesema atakuja kunipokea bandarini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Wete, Pemba.